Je, wajua kwa nini jibu la chemshabongo hujitetea lenyewe?

"Paka!" Kijana wa bodaboda ndiye aliyewahi, kikombe cha kahawa kikiwa bado mdomoni. Kwenye ubao ulioegemezwa ukutani, hapo kijiweni kwetu karibu na soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameandika kwa chaki:

Mnyama juu ya nyumba (3)

Mama anayeuza dagaa akamwambia bila hata kugeuka, "Hesabu visanduku, mwanangu." Paka ana herufi nne, visanduku ni vitatu. Kikapita kimya cha kama nusu kikombe, kisha kijana akajipiga paji la uso. "Paa!" Hakuna aliyeuliza kama ndiyo au siyo. Mwalimu hakutikisa hata kichwa. Alichukua chaki akajaza.

Hilo la kutouliza ndilo lililonivuta kwenye mchezo huu, kwa sababu kitendawili hakiendi hivyo. Nikisema "Kitendawili!" mkaitikia "Tega!", nikatega "nyumba yangu haina mlango", sote tunajua tangu utotoni kwamba jibu ni yai. Lakini mtoto akijibu "kaburi", utamwambia amekosea kwa hoja gani? Kaburi nalo huitwa nyumba, nalo halina mlango. Jibu la kitendawili analo mtegaji, na ukishindwa unampa mji ndipo akufungulie. Chemshabongo ya mafumbo, hii ya kujaza herufi kwenye visanduku, inayochezwa kila siku magazetini Uingereza na ambayo mwalimu wetu anaitunga kwa Kiswahili kila asubuhi, haihitaji mwenye jibu. Jibu likishapatikana linasimama lenyewe.

Siri yake ni kwamba kila kidokezo husema jambo moja mara mbili. Mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, kamwe si katikati, kuna maana ya neno kama ambavyo ungeikuta kwenye kamusi. Maneno yanayobaki ni njia nyingine ya kulifikia neno lilelile: pengine maana yake ya pili, pengine herufi zilizofichwa, zilizogeuzwa au zilizovurugwa. Kazi ya mtunzi ni kuzishona njia hizo mbili zionekane sentensi moja ya kawaida, na kazi yako ni kuupata mshono. Katika kidokezo cha asubuhi ile mshono uko baada ya "mnyama". Paa ni mnyama. Paa pia ni juu ya nyumba. Ukisoma kwa pumzi moja unamwona paka amejilaza kwenye mabati, na hivyo ndivyo mtunzi alivyotaka.

Jaribu hiki, ambacho kwangu ni kizuri kuliko vyote alivyowahi kutuwekea:

Samaki ndani ya kisa tofauti (4)

Wengi walianza kutafuta kisa. Yona? Yule alimezwa na samaki, kwa hiyo kisa chake kingekuwa tofauti kweli, mtu ndani ya samaki! Tulicheka hapo dakika kumi. Sasa acha maana, tazama herufi: ki-SA TO-fauti. SATO amekaa katikati ya maneno mawili, ngozi ya kisa upande huu na tofauti upande ule. "Samaki" ndiyo maana, "ndani ya" ndiyo amri ya mahali pa kutazama, na hakuna neno hata moja lililowekwa kujaza nafasi. Ukifika hapo unaweza kumbishia nani?

Kwa sababu hiyo kijiwe chetu kina sharti moja: hujazi visanduku mpaka ueleze njia zote mbili. Ukija na jibu sahihi la kubahatisha utaambiwa, kwa heshima zote, kaa chini unywe kahawa. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipoingia ziwani kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi, ubao huzungukwa na watu mpaka mwenye birika analalamika hapati pa kupita.

Mchezo wenyewe una umri wa miaka mia na ushei. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha ule unaohesabiwa kuwa wa kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na umbo la almasi. Vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja, na Wamarekani kwa sehemu kubwa wamebaki huko. Waingereza ndio waliotia hila. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti la Observer la London kwa jina la Torquemada, msimamizi wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyeogopwa kwa mateso, na vidokezo vyake vilikuwa mafumbo matupu. Wasomaji waliteseka kweli, maana hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa ya nini ni hila na nini ni uonevu. Kanuni ilikuja kusemwa vizuri mwaka 1949 na mtunzi aliyejiita Afrit, yaani yule yule afriti wetu wa hadithi za majini: mtunzi halazimiki kumaanisha alichosema, lakini ni lazima aseme alichomaanisha. Sentensi hiyo moja ndiyo katiba ya mchezo. Nitairudia baadaye, kwa sababu ilitugombanisha.

Je, Kiswahili kinaufaa mchezo huu? Nilidhani kinaufaa kupita kiasi. Tuna mafumbo, tuna vijembe vya kanga, tuna maneno yenye maana tatu tatu. Lakini jaribu kutunga na utagundua kwamba lugha yetu ina umbea: haiwezi kuficha siri. Kiingereza nomino haivai sare. Neno lao la ua la bustanini, "flower", linaweza kusomwa "flow-er", yaani "kitu kinachotiririka", na watunzi wa London wamelitumia kumaanisha mto mpaka limechakaa, bila herufi nyingine kwenye sentensi kubadilika. Sisi kila nomino ina ngeli yake, na ngeli inalazimisha sare kwa kila neno linaloambatana nayo. Paa wa porini ni paa mrefu. Paa la nyumba ni paa refu. Kaa wa baharini ni mwekundu na anatembea, kaa la moto ni jekundu na linachoma. Ukiandika kivumishi kimoja tu umeshataja unayemsema, na fumbo limevunjika kabla kahawa haijapoa.

Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili hutafuta maneno pacha yanayovaa sare moja. Mto wa maji na mto wa kitandani zote ni ngeli moja, ndiyo maana kidokezo hiki hakimsaliti mtu: Ukiulalia hulowi, ukiuvuka kwa miguu unalowa (3). Au hujificha kwenye amri, kwa kuwa kitenzi cha amri hakivai chochote mbele. Remba kwa dhahabu nyeupe (5) ni PAMBA mara mbili: kupamba, na lile zao ambalo Usukuma nzima inalijua kwa jina hilo la dhahabu. Fanya kazi shambani na mali itageuka (4) ni amri pia. Jibu ni LIMA, na "mali" ukiigeuza silabi kwa silabi unapata li-ma.

Hapo kwenye kugeuza ndipo Kiswahili kinapowashinda wenye mchezo. Wao hugeuza herufi moja moja. Sisi tukifanya hivyo hatupati kitu, maana karibu maneno yetu yote yanaishia na irabu, na "ziwa" likisomwa kutoka nyuma linakuwa "awiz", neno lisilo na mwenyewe. Lakini geuza silabi: ziwa, wazi. Wala si uvumbuzi wa mwalimu wetu. Waswahili wa Zanzibar walikuwa na namna ya kusema kwa siri iliyoitwa kinyume, silabi ya mwisho ikihamishiwa mbele, na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko, aliweka mfano wake katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka 1870. Kwa kinyume, samaki ni kisama. Nadhani wale wa Zanzibar wangekaa kijiweni kwetu siku moja tu wangetumaliza.

Ni hilo ziwa lililotugombanisha. Mwalimu aliandika: Victoria yuko wazi kinyumenyume (4). Tukamfikiria Victoria mwenye nguo iliyoachia vifungo, tukacheka, tukapata ZIWA. Wazi kinyume, na Victoria ni ziwa, limelala pale mbele yetu. Fundi wa boti, mtu asiyesema sana, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Ila ziwa limekuwa 'yuko' tangu lini?"

Ubishi ulikwenda mpaka adhana ya adhuhuri. Mwalimu alidai kwamba "yuko" ni uzi tu wa kushonea, si sehemu ya maana. Fundi akashikilia kwamba ukiandika "yuko" umesema Victoria ni mtu, na kama unamaanisha ziwa basi hukusema ulichomaanisha. Hakuwa amewahi kumsikia Afrit, lakini hoja ilikuwa ile ile. Mimi nilikuwa upande wa fundi. Kumwacha msomaji ajidanganye ni hila, ila kumwandikia "yuko" palipo na "liko" ni uongo. Tatizo ni kwamba ukiandika "liko" kila mtu analiona ziwa. Kesho yake kidokezo kilirudi ubaoni bila kitenzi:

Victoria kwa mfano, wazi kinyumenyume (4)

"Kwa mfano" limeongezwa kwa haki, maana Tanganyika na Nyasa nayo ni maziwa. Fundi alisoma, akanywa kahawa yake, akaondoka bila neno. Kwake hiyo ni sifa.

Wiki iliyofuata yule mama wa dagaa aliomba chaki. Aliandika "Samaki walioharibika", akasita, akaandika "wanatoka puani", akafuta kwa pindo la kanga. Akaandika "zinatoka puani", akafuta tena. Tulikuwa tunamtazama anavyopigana na sare, "wana" ikidanganya na "zina" ikifichua. Mwisho akaacha hivi:

Samaki walioharibika hutoka puani (6)

Mwalimu aliusoma mstari ule mara mbili. Kwenye "walioharibika" hapakuwa na shida, hiyo ni alama ya kwamba herufi za "samaki" zimevurugwa zipangwe upya. Alikuwa anaangalia "hutoka". Hu- haivai sare ya mtu. Samaki hutoka, moshi hutoka, maji hutoka, meno hutoka, ngeli zote huingia hapo na hakuna anayetambulika. Miaka yote mwalimu alikuwa akikimbilia amri na kuacha vitenzi, na kiambishi hicho kilikuwa mdomoni mwake kila siku.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Si ndivyo tunavyosema?"

Kijana wa bodaboda alikuwa ameshapata abiria wa Pasiansi akaondoka bila jibu. Kama saa tano hivi alipita tena barabarani, abiria mwingine nyuma, akapunguza mwendo usawa wa kijiwe na kupiga kelele kwa nguvu zake zote: "Kamasi!"