Fedha ya bangili si fedha ya kunywa

Shoga yangu wa Mkunazini alinionesha kichupa cha maji ya manjano hafifu. "Maji ya fedha", kaambiwa yanasafisha kizazi. Hoja yake: bangili za fedha tunavaa tangu utotoni, zimemdhuru nani?

Lakini bangili ni kipande kimoja, nacho hukaa juu ya ngozi. Kichupani mna chembe za fedha za nanomita 1 hadi 100, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Tia majini chumvi ya mawe, kisha tia iliyosagwa: ipi huyeyuka upesi? Kitu kikisagwa, eneo lake la nje huongezeka, nacho huathiri zaidi kinachokigusa. Baadhi ya chembe hizo hupenya utumbo zikaingia kwenye damu.

Hedhi yetu inategemea maelewano: ubongo hutoa homoni za kuamsha ovari (vifuko vya mayai), ovari hujibu kwa homoni zake, estrojeni na projesteroni. Kwa panya wa maabara waliopewa chembe za fedha, watafiti wameona homoni hizo zikibadilika na ovari zikidhurika. Panya si binadamu, na dozi nyingi zilikuwa kubwa. Sisemi kila anayekunywa atakuwa tasa. Ila hilo la kusafisha kizazi halina ushahidi kabisa. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kuwa dawa za namna hii hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu.

Hedhi ikivurugika, dada yangu, nenda kapime homoni hospitali. Kichupa kile nimemwomba shoga yangu asikifungue.