Moshi wa dawa ya mbu bwenini: kwa nini virusi vya njia ya hewa huenea upesi

Jumatatu walikuwa wasichana wawili wenye homa, kikohozi na maumivu ya viungo. Kufikia Ijumaa, nilipofika katika shule hiyo ya bweni iliyo mwendo wa saa chache kutoka Kampala, matroni alikuwa ameacha kuwahesabu wagonjwa kwa majina na kuanza kuwahesabu kwa vitanda. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba ni homa ya mafua aina ya A. Matroni hakungoja majibu hayo ili aulize alichotaka kuuliza. "Daktari," aliniambia, "yule wa kwanza nilimtenga saa ile ile alipoanza kukohoa. Nimewanawisha mikono mpaka sabuni ya mwezi mzima imekwisha. Sasa hawa wengine wameupata wapi?"

Nimefanya kazi na virusi kwa miaka mingi na bado ninaliona swali hilo kuwa bora kuliko mengi ninayoulizwa kwenye mikutano. Mama yule hakuzembea. Alifanya yote tuliyomfundisha sisi wenyewe, ila tulimfundisha kutazama mikono zaidi ya hewa, na kikohozi zaidi ya siku iliyokitangulia.

Tuanze na hewa. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban nusu lita ya hewa kwa kila pumzi, naye hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Hewa anayoitoa haitoki tupu, kwa kuwa kila vijia vidogo vya mapafu vinapofunguka, na kila nyuzi za sauti zinapotetema, utando mwembamba wa ute hukatika na kuwa chembe za majimaji za ukubwa tofauti. Zile kubwa ndizo tunazozijua, kwa sababu tunaziona mtu anapopiga chafya mbele ya mwanga wa dirisha. Chembe yenye upana wa maikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, huanguka sakafuni kwa sekunde chache tu. Chembe ya maikromita 5 ikitokea kimo cha mdomo wa mtu aliyesimama huchukua kama nusu saa kufika chini, hata pale hewa ilipotulia kabisa, na ile ya maikromita 1 inaweza kuelea zaidi ya saa kumi. Kirusi cha homa ya mafua kina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya maikromita, hivyo hata katika chembe hizo ndogo kinapata nafasi ya kusafiri.

Kikohozi hutoa chembe nyingi kwa mpigo mmoja, lakini mtu hukohoa mara moja moja tu, ilhali huongea kutwa nzima, na kadiri anavyopaza sauti ndivyo chembe zinavyoongezeka. Kwa miaka mingi vitabu vyetu vilichora mpaka kwenye maikromita 5: juu yake ni matone yanayoanguka karibu, chini yake ni chembe zinazoelea. Mpaka huo haukuwa na msingi imara, na mwezi Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilichapisha istilahi mpya zinazouacha na kuzihesabu chembe zote kuwa mfululizo mmoja. Nakiri kwamba nami niliufundisha mpaka huo darasani, na kwa uhakika mwingi kuliko ulivyostahili.

Kwa kuwa chembe hizo hazionekani kwa macho, nilimwomba matroni dawa ya mbu ya kuchoma. Bweni lilikuwa na vitanda vya ghorofa tatu vilivyosogezwa hadi mtu akinyoosha mkono anamgusa jirani yake, na madirisha ya upande wa barabara yalikuwa yamepigiliwa mbao kuzuia wezi. Tuliwasha dawa ile kwenye kona, kando ya kitanda cha mgonjwa wa kwanza, tukafunga mlango kama ufungwavyo usiku. Moshi haukubaki pale konani. Ulipanda, ukagonga dari, ukatambaa juu kwa juu hadi upande wa pili, na msichana wa kwanza kulalamika kwamba unamkera alikuwa ameketi kitanda cha juu kabisa, mbali na dawa yenyewe. Pumzi ya mtu nayo ni ya moto kuliko hewa ya chumba, hivyo hupanda vivyo hivyo. Karibu na chanzo moshi ni mzito, na ndiyo maana anayelala ubavuni mwa mgonjwa ana hatari kubwa zaidi. Lakini chumba kikifungwa kwa saa nane, umbali wa mita tatu au nne haumlindi mtu sana.

Hali ni hiyo hiyo katika taksi zetu za abiria 14. Jua likiwaka vioo hufunguliwa na hewa hubadilika kila dakika. Mvua ikinyesha kila abiria huvuta kioo chake, na gari linakuwa chumba. Watu husema mvua ndiyo inayoleta mafua. Mimi huwajibu kwamba mvua inafunga madirisha, na kinachofuata si kazi ya maji. Hewa anayoitoa mtu ina kaboni dioksidi sehemu 40,000 hivi katika milioni, na ya nje ina sehemu kama 420. Kipimo kidogo cha mkononi kikisoma 2,400 ndani ya gari, maana yake ni kwamba takriban pumzi moja katika kila ishirini unazovuta imekwisha kupita katika mapafu ya abiria mwingine.

Hewa ya pamoja, hata hivyo, haitoshi kueleza kasi ile ya kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Kuna suala la wakati. Mwenye homa ya mafua kwa kawaida huanza kutoa virusi takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya, na yeye mwenyewe aliugua siku mbili hivi baada ya kuambukizwa, kwa kuwa kirusi hiki huzaana juu juu, puani na kooni, kabla mwili haujapiga kengele ya homa. Msichana wa kwanza alitengwa saa ile ile alipokohoa, ni kweli, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo alilala kati ya wenzake akiwa mzima wa afya machoni pa watu wote, na jioni yake aliimba kwenye mazoezi ya kwaya.

Waganda tuna mfano wa karibu wa kinyume chake. Mlipuko wa ebola uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 ulitangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 kati yao wakiwa wamefariki. Ugonjwa huo unaua zaidi ya mafua kwa mbali sana, lakini mgonjwa wake haambukizi kabla ya dalili, na huambukiza zaidi kwa majimaji ya mwili kadiri anavyozidiwa, hivyo anayefuatilia waliokutana naye ana muda wa kumtangulia kirusi. Korona, ambayo Waganda waliiita ssenyiga omukambwe, yaani mafua makali, haikutupa muda huo. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa nchini tarehe 21 Machi 2020, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hata ndugu yake, Sars ya mwaka 2003, ilizimwa baada ya wagonjwa wapatao 8,000 duniani, kwa sababu ilizaana zaidi ndani ya mapafu, na mgonjwa aliambukiza zaidi kwenye wiki ya pili, wakati ambao tayari alikuwa amelazwa. Virusi viwili vya ukoo mmoja. Kilichotofautiana sana ni siku ya kuambukiza.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Tunapenda kutaja idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza, lakini idadi hiyo pekee haina saa ndani yake. Chukua magonjwa mawili ambayo katika kila moja mgonjwa huambukiza wawili, kwenye jamii isiyo na kinga. La kwanza huchukua siku kumi kutoka kwa mtu mmoja hadi anayefuata: baada ya mwezi kuna vizazi vitatu, na kizazi cha tatu kina wagonjwa 8. La pili huchukua siku tatu, ambazo si mbali na za homa ya mafua: mwezi una vizazi kumi, na kizazi cha kumi kina wagonjwa 1,024. Ndiyo sababu ugonjwa usioambukiza watu wengi kwa kila mgonjwa unaweza kulijaza bweni kabla barua ya mwalimu mkuu haijawafikia wazazi.

Hesabu hizo ni za wastani, na wastani huficha mengi. Wagonjwa wengi wa korona hawakumwambukiza mtu yeyote, huku wachache wakiwaambukiza makumi. Katika mazoezi ya kwaya moja ya kaunti ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, tarehe 10 Machi 2020, watu 61 waliimba pamoja kwa saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili za mafua. Waliougua baadaye, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikuwa 52. Mtu yuleyule angekaa uani kwake jioni ile, pengine asingeingia katika hesabu ya mtu yeyote.

Kinga iliyopo nayo huamua. Surua, ambayo hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, huambukiza watu 12 hadi 18 kwa kila mgonjwa pale ambapo hakuna mwenye kinga. Ikikuta watoto waliochanjwa inakosa pa kushika. Homa ya mafua hubadilisha sura yake kidogo kidogo, ndiyo maana kinga ya miaka iliyopita huitambua nusunusu.

Nilimweleza matroni haya yote tukiwa tumesimama mlangoni, kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia hapa. Kisha tukang'oa mbao mbili, moja kila upande wa bweni ili hewa ipite katikati, tukawasha tena dawa ya mbu. Safari hii moshi ulipanda kidogo, ukapinda, ukatoka dirishani. Matroni aliutazama ukipotea, akaokota misumari iliyoanguka, akaitia mfukoni.

"Nimeelewa, daktari," alisema. "Na wezi?"

Tulikubaliana atafutwe fundi wa kuchomelea aweke nondo mahali pa mbao. Alikuja Jumanne.