Je, wajua saa ya mkononi hutofautishaje kuanguka na kusujudu?

Bibi wa Mji wa Kale anayeswali swala tano huweka kipaji chini mara 34 kwa siku kwa faradhi pekee, suna mbali. Tuseme anaishi peke yake, na wanawe wamemvisha saa inayopiga simu yenyewe mvaaji akianguka. Mbona saa hiyo haizui taharuki mtaani kila adhuhuri?

Siri iko kwenye kijidude cha silikoni kiitwacho akselerometa, kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani yake mna uzito mdogo mno uliotundikwa kwa springi nyembamba. Mkono ukienda ghafla, uzito huchelewa kidogo, springi hupinda, na mpindo huo husomwa kwa umeme mara nyingi kila sekunde. Ukitulia, kipimo husoma 1, yaani mvutano wa kawaida wa dunia. Kitu kikidondoka kinasoma karibu sifuri, kwa sababu uzito na kasha lake vinashuka pamoja na hakuna kinachomzuia mwenzake. Mtu akiteleza hafiki sifuri kamili, maana miguu bado inagusa sakafu, ila kipimo huporomoka. Halafu huja kishindo, na kipimo kuruka mara kadhaa juu ya kawaida. Halafu kimya.

Saa hutafuta mfuatano huo: mporomoko, kishindo, kimya. Anayesujudu hushuka kwa utaratibu, hatui kwa kishindo, na hakawii kuinuka. Kinachoihadaa zaidi ni kujitupa kitandani, au mzee wa barazani anayebamiza kete ya dhumna mezani kwa furaha ya ushindi. Ndiyo maana huuliza kwanza. Apple Watch, iliyoanza kutambua kuanguka kwa toleo la mwaka 2018, hugonga mkono na kulia. Mvaaji asipotikisika kwa takriban dakika moja, hupiga simu ya dharura.

Kwangu mimi, hicho kimya ndicho chenye uzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wazee. Wengine hawaumizwi na pigo lenyewe bali na kukaa chini. Mzee akilala sakafuni kwa saa kadhaa, hata bila kuvunjika mfupa, mwili hukaukiwa maji, ngozi huanza kufanya vidonda, na misuli iliyogandamizwa huharibika na kumwaga kwenye damu vitu vinavyolemea figo.

Kifaa kina udhaifu wake. Wazee wengi hawaanguki kwa kishindo: huteleza taratibu wakishikilia ukuta, na saa haioni kitu. Wengine huivua wanapokwenda kuoga, nako bafuni ndiko kwenye utelezi. Stima ikipotea usiku kucha, asubuhi chaji imekwisha.

Kwa bafuni kuna rada ndogo ya kubandika ukutani. Baadhi hutumia mawimbi ya urefu wa milimita 5 hivi, yanayoweza kuhisi hata kifua kinavyopanda na kushuka kwa pumzi. Haipigi picha, na hilo si jambo dogo: kamera bafuni kwa bibi anayejistiri, hata usithubutu kulitaja.

Ukishanunua, kazi haijaisha. Nyumba kongwe za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na kuta hizo hudhoofisha mtandao. Kwa hiyo jaribu kupiga simu kwa saa hiyo ukiwa bafuni, mlango umefungwa. Nambari ya kwanza iwe ya jirani, naye apewe ufunguo wa akiba. Na kama mlango una komeo la ndani, liondoeni: ufunguo wa jirani hautalifungua.