Tangawizi ya maua: usiifukue mwezi wa Mei

Kila mwaka ikifika Mei, wenye bustani hapa kusini mwa Uingereza hunipigia simu: tangawizi imekufa, tuing'oe tupande kitu kingine? Nawajibu waiache. Waridi limeshajaa majani, nyasi zimeshakatwa mara kadhaa, lakini tangawizi hii ya maua, Hedychium kwa jina la kitaalamu, bado imelala. Nimeshaona chipukizi la kwanza likitokeza Juni, na shina hilohilo likachanua Septemba.

Hii si tangawizi ya chai, ingawa ni ukoo mmoja. Hupandwa kwa maua na harufu yake. Aina nyingi tunazopanda huku zimetoka Himalaya na milima ya jirani, ambako mvua kubwa hunyesha wakati wa joto na baridi huja na ukavu. Huku mvua haikomi wakati wa baridi, na tunguu, yaani shina nene la chini ya ardhi, likilala kwenye maji ya baridi linaoza. Niliwahi kupoteza mmea mzuri wa miaka sita kwa kuupanda bondeni, kwenye mfinyanzi mtupu. Nilipolifukua tunguu lake, lilibonyea vidoleni kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Basi chagua mahali panapopitisha maji, penye jua la kutosha. Changanya changarawe na mboji. Tunguu lilale karibu na uso wa udongo. Novemba, jalidi ikishayaunguza majani, kata mashina na uweke matandazo ya sentimita 15. Aprili yapunguze, jua lipashe udongo joto.

Kuanzia Juni ilishe bila ubahili: samadi iliyooza vizuri, na maji mengi. Kila shina huchanua mara moja tu, na msimu wetu ni mfupi. Mmea wenye njaa utachelewa na baridi itaukuta na vitumba.

Kwa anayeanza, napendekeza Hedychium densiflorum. Aina yake moja, 'Assam Orange', ilikusanywa na mtafuta mimea Frank Kingdon-Ward mwaka 1938, na nyingine, 'Stephen', ililetwa na Tony Schilling kutoka Nepal mwaka 1966. Zote mbili zinavumilia baridi. Ile nyeupe, H. coronarium, ua la taifa la Cuba, ina harufu ninayoipenda kuliko zote, lakini inataka joto refu. Yangu iko kwenye chungu, ndani ya banda la kioo.

H. gardnerianum ya manjano nawaomba msiwapelekee ndugu zenu nyumbani, hasa wa milimani kama Lushoto. Ndege hula mbegu zake na kuzisambaza, na huko visiwa vya Réunion na Azores imeshavamia misitu ya asili.

Ukishindwa kabisa kusubiri, mwisho wa Mei piga magoti, sogeza matandazo kwa mkono, upapase udongo wa juu taratibu. Kidole kikigusa ncha ngumu, nyekundu iliyofifia, kama pembe ya mwanambuzi, rudisha udongo uondoke.