Riwaya za vita vya angani: zinavyosemwa na zilivyo

Ukionekana na riwaya ya vita vya angani mkononi, hukosi kuulizwa kama hujachoka na milipuko. Anayeuliza ameona jalada tu: manowari inawaka moto katikati ya nyota, na chini yake imeandikwa "Kitabu cha 7". Kwake hiyo inatosha kuamini kwamba vitabu vyote saba ni kimoja kinachorudiwa. Nazipenda sana riwaya hizi, na inaniuma kuona wasomaji wazuri wakizipita kwa sababu ya mambo ya kusikia. Mengi ya mambo hayo si kweli. Machache yana ukweli ndani yake, na hayo ndiyo yanayohitaji maelezo marefu zaidi.

Dhana: Ni milipuko mwanzo mwisho

Starship Troopers ya Robert Heinlein, iliyotoka mwaka 1959, ni mojawapo ya nguzo za hadithi za aina hii. Sura yake ya kwanza kweli ni vita tupu: askari waliovaa mavazi ya chuma yenye mitambo wanafyatuliwa kutoka melini, mmoja mmoja, kuelekea mji wa adui. Anayetarajia kitabu chote kiendelee hivyo atashangaa. Sehemu kubwa inayofuata ni ya kambi ya mafunzo: makuruta wanaoshindwa na kuondoka, adhabu inayotolewa mbele ya wenzao, walimu wanaobishana na wanafunzi kuhusu nani anastahili kupiga kura. Mapigano yenyewe ni machache, lakini kitabu hakilegei.

Hakilegei kwa sababu kinachomshika msomaji wa riwaya hizi ni uamuzi. Mtu mmoja mwenye dhamana, mwenye habari pungufu, muda unamwishia, na akikosea watu watakufa. Fikiria luteni aliyesimama upande mmoja wa mlango wa chuma ndani ya meli iliyotobolewa. Askari wake watatu wako upande wa pili, na hewa ya huko inavuja. Akifungua, hewa ya sitaha nzima itakwenda nayo. Asipofungua, watatu hao wamekwisha. Ana sekunde tisini. Amekwisha kuamua kwamba hafungui, na ameanza kutafuta maneno ya kuwaeleza waliobaki, mara sajini anashusha redio sikioni na kusema: "Afande, mmoja anajibu."

Hapo haijapigwa hata risasi moja. Mlipuko ulitokea sura iliyopita, na kazi yake ilikuwa kutufikisha mbele ya mlango huo.

Dhana: Hadithi inayokwenda mbio haina kina

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwandishi anayewakimbiza wahusika wake bila sababu huishiwa pumzi kabla ya nusu ya kitabu. Hilo nalikubali. Lakini katika kazi nzuri kasi ina chanzo chake ndani ya ulimwengu wa hadithi, na mara nyingi chanzo hicho ni fizikia ya kawaida kabisa.

Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini angani umbali ni mkubwa zaidi. Kutoka Jua hadi Dunia ni kilomita milioni 150 hivi, na mwanga hutumia kama dakika nane na sekunde ishirini kufika. Sasa weka manowari za adui umbali huohuo, zikisafiri kwa kasi ambayo ni sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga. Kamanda anapoziona kwenye kioo chake, anaona mahali zilipokuwa dakika nane zilizopita. Tangu wakati huo zimekwisha kwenda kilomita milioni 15, ambazo ni karibu mara 39 ya umbali kati ya Dunia na Mwezi. Huenda zimegeuka. Huenda zimerusha makombora. Hatajua mpaka habari imfikie, na ikimfikia itakuwa imechelewa tena.

John Hemry, ofisa mstaafu wa Jeshi la Majini la Marekani anayeandika kwa jina la Jack Campbell, aliutumia ucheleweshaji huu kama uti wa mgongo wa mfululizo wake wa The Lost Fleet, ulioanza mwaka 2006. Kamanda wake anapotoa amri, lazima akumbuke kwamba meli ya karibu itaisikia mapema na ya mbali itachelewa kuisikia, kwa hiyo anaipanga kwa saa maalumu ili zote zigeuke pamoja. Adui akionekana, hakuna anayefyatua kitu. Watu wanakula, wanalala kwa zamu, wanabishana, huku namba kwenye kioo ikipungua. Zikikutana, meli zinapishana kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kubonyeza kitufe kwa wakati, na mashine ndizo zinazofyatua. Saa kadhaa za kungoja, kisha kufumba na kufumbua yote yamepita, na kamanda anaanza kuhesabu nani amebaki.

Kwa hiyo ile tunayoihisi kama mbio, ukiichunguza, sehemu yake kubwa ni kungoja. Taharuki inatokana na kujua kitu kinakuja na lini kinafika, bila kujua kitafanya nini. Mwandishi anayelielewa hili anaweza kumpa mhusika kurasa thelathini za kutafakari maisha yake, na msomaji asihisi hadithi imesimama, kwa sababu saa inaendelea kutembea chini ya mazungumzo.

Kuna na ufundi mwingine mdogo mdogo. Injini haielezwi mpaka iharibike. Sura ya chumba inaonekana mtu anapotafuta pa kujificha. Historia ya utawala mzima inaingia kupitia mabishano ya askari wawili wanaosafisha silaha. Kuandika hivyo kunachosha kuliko kuandika kwa utulivu, kwa sababu kila maelezo lazima yatafutiwe mtu anayeyahitaji wakati huohuo.

Dhana: Zinatukuza vita

Hili ni shtaka zito, na ndilo lenye ukweli ndani yake. Zipo riwaya za aina hii zinazomfanya adui kuwa wadudu wasio na sura wala sauti, ili kuwaua kusimuume mtu. Zipo ambamo kila anayehoji amri ni mwoga au msaliti. Nimezisoma, na nyingine sikuzimaliza. Adui asiye na sababu zake mwenyewe ni udhaifu wa kisanaa kabla hata hatujafika kwenye maadili: maamuzi yanakuwa rahisi, na maamuzi yakiwa rahisi taharuki inakufa.

Ila kuziweka zote kwenye kapu hilo ni kutojua kwamba waandishi wake wenyewe kwa wenyewe wamekuwa wakipingana kwa zaidi ya nusu karne. Heinlein alihitimu chuo cha maofisa wa majini wa Marekani mwaka 1929 na akaondolewa jeshini mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu, bila kupigana vita. Kitabu chake kinaheshimu jeshi waziwazi, na kilipata tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, mwaka 1960. Mwaka 1974 akatokea Joe Haldeman na The Forever War. Haldeman alisomea fizikia na astronomia, akachukuliwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Vietnam kama mhandisi wa kivita, na akajeruhiwa huko. Kitabu chake kina askari, kina mavazi ya kivita, kina sayari za mbali. Kinachobadilika ni bei.

Askari wake husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kwa hiyo muda wao unakwenda polepole kuliko wa waliobaki nyumbani. Kwao inapita miezi, nyumbani inapita miongo. Mtu anarudi kutoka vitani akiwa bado kijana na kukuta mama yake amezeeka, lugha imebadilika, desturi hazitambui, kazi hakuna. Anarudi jeshini kwa kuwa ndiko mahali pekee anapopaelewa. Kila safari inamtupa mbele zaidi, mpaka vita vyenyewe vinatimiza zaidi ya miaka elfu moja. Fizikia imebeba jambo ambalo wanajeshi wengi waliorudi kutoka vita vya kweli wamejaribu kulieleza: nyumba uliyoiacha haipo tena. Kitabu hicho nacho kilipata Hugo, mwaka 1976.

Aina moja ya hadithi, tuzo ileile, majibu yanayogongana. Msomaji anayevisoma vyote viwili amesikia mjadala mzima kuhusu askari ana wajibu gani kwa jamii yake, na jamii ina wajibu gani kwake. David Drake, ambaye alikatiza masomo ya sheria kwa sababu ya kuandikishwa jeshini na akahudumu Vietnam katika kikosi cha vifaru, aliandika baadaye kuhusu mamluki wa vifaru vya wakati ujao, na kurasa zake ni ngumu kusoma kwa yeyote anayetafuta utukufu. Wakatili wapo pande zote, na wanaolipa ni watu waliokuwa wakiishi njiani mwa vifaru.

Dhana: Ni za wanaume na wavulana

Mfululizo wa Vorkosigan wa Lois McMaster Bujold ulianza mwaka 1986, na mwaka 2017 ukapewa tuzo ya Hugo ya mfululizo bora. Mhusika wake anayejulikana zaidi, Miles, alizaliwa na mifupa inayovunjika kwa urahisi katika jamii ya kijeshi inayodharau ulemavu. Katika The Warrior's Apprentice, kwenye mtihani wa kuingia chuo cha maofisa, anaruka kutoka ukutani na kuvunjika miguu yote miwili. Mtihani umekwisha dakika ileile. Kuanzia hapo anachoweza kutumia ni akili, ulimi na ukaidi, na hakuna mfululizo mwingine wa aina hii ninaoupenda kiasi hicho.

Elizabeth Moon alikuwa ofisa katika kikosi cha wanamaji wa Marekani, Marines, kabla ya kuandika. Ann Leckie, kwa riwaya yake ya kwanza ya mwaka 2013, Ancillary Justice, alipata tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, na msimulizi wake ni akili ya manowari iliyobaki ndani ya mwili mmoja wa binadamu. Wanawake hawa hawakukaribishwa pembeni mwa uwanja huu. Wameubadilisha.

Dhana: Zimeiga michezo ya video

Ni kinyume chake. Spacewar!, mmoja wa michezo ya kompyuta ya mwanzo kabisa, ulitengenezwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1962 na vijana waliokuwa wakisoma kwa hamu hadithi za anga za E. E. Smith. Na mizizi ni ya zamani zaidi ya Smith. Mwaka 1871 ofisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza, George Chesney, alichapisha jaridani hadithi ya nchi yake kuvamiwa na kushindwa, nayo ikazua hofu mpaka Waziri Mkuu Gladstone akaikemea hadharani. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipoleta wavamizi kutoka sayari ya Mars, kwanza jaridani mwaka 1897, alikuwa anaupeleka angani mtindo ambao wasomaji wake walikwisha kuuzoea.

Dhana: Wanajeshi wenyewe huzicheka

Wells huyohuyo aliandika mwaka 1903 hadithi ya magari makubwa ya chuma yanayovuka mahandaki. Vifaru vya kweli viliingia vitani Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme. Mwaka 2019 wizara ya ulinzi ya Ufaransa ilitangaza mpango wa kuwakusanya waandishi wa hadithi za kisayansi wabuni vitisho ambavyo wapangaji wa kawaida hawavifikirii. Ender's Game ya Orson Scott Card imewahi kuwa kwenye orodha ya vitabu vinavyopendekezwa kwa wanamaji wa Marekani, na somo wanalolitafuta humo ni uongozi.

Dhana: Vitabu vinaongezwa ili viuzwe

Biashara ipo, na baadhi ya mifululizo ilistahili kuishia kitabu cha tatu. Lakini kuna jambo ambalo kitabu kimoja hakiwezi. Jeshi ni mahali pa vyeo, na cheo hupanda taratibu. Mhusika tuliyemjua akiwa luteni anayeogopa sauti yake mwenyewe, tunamkuta vitabu vitano baadaye ni admirali, na sasa yeye ndiye anayewapeleka maluteni mahali ambapo alimlaumu mkubwa wake kwa kumpeleka. Badiliko hilo halina uzito likisimuliwa ndani ya sura mbili. Ni hivyohivyo kwa vifo: fundi wa mitambo aliyechekesha kwenye kitabu cha kwanza akifa kwenye cha nne, tumemjua kwa kurasa elfu moja na zaidi.

Kwa sababu hiyo usianze na kitabu cha 7, hata kama kila kitabu kinadai kinajitegemea. Kama unapenda watu kuliko mitambo, anza na Bujold. Kama unataka kuelewa jinsi vita vya angani vinavyoweza kupiganwa kwa hesabu, mchukue Campbell. Na Haldeman asomwe baada ya Heinlein, karibu karibu, wakati hoja za wa kwanza bado ziko kichwani.