Mtoto wa Tumbili na Macho ya Watu

Mimi hufanya tiba ya usemi kwa watoto hapa Kampala, na kila nikijitambulisha kwa wageni huniuliza habari za John Ssebunya, yule mvulana wa Uganda aliyekutwa porini mwaka 1991 akiwa na kundi la tumbili. Eti kweli walimlea? Kulea ni kusema mengi mno. Tumbili humzoea mtoto asiye na fimbo wala mbwa, wakamwacha aokote chakula karibu nao. Hapo naamini. Zaidi ya hapo ni chumvi.

Kinachonishughulisha ni umri. Inasemwa alikimbia nyumbani baada ya mama yake kuuawa, akiwa na umri ambao watoto wengi wameshaanza kuongea. Alipopelekwa kwenye kituo cha yatima, lugha ilipata pa kushikia, na baadaye akaimba katika kwaya ya watoto ya Pearl of Africa. Kinyume chake, Victor wa Aveyron, mvulana mwingine aliyetoka msituni, huko Ufaransa mwaka 1800, alifundishwa na daktari Jean Itard kwa miaka mitano hivi. Aliweza kupanga herufi za neno la maziwa, kuzungumza kulimshinda.

Lakini hata lugha ikipatikana, kuna macho. Tumbili akikukazia macho na kuinua nyusi mpaka weupe wa kope zake uonekane, anakutisha. Akikenua meno, mara nyingi ameogopa. Sasa mtoto aliyezoea hayo mweke sebuleni, majirani wamejaa mlangoni, kila mmoja anamtazama usoni na kumchekea! Atajificha chini ya meza, nao watasema, si mnaona, mnyama huyu.

Ninaowapokea mimi hawakutoka porini. Walifungiwa ndani, wengi kwa sababu ya ulemavu, lakini macho ya watu huwatisha vilevile. Basi huketi mkekani ubavuni mwa mtoto, simkabili. Tunamenya karanga. Natia yangu bakulini, nanyamaza, nangoja atie yake. Akishika zamu, tumeshaanza kuzungumza, hata kama hajatoa sauti.

Jamaa hawaridhiki. Wanataka ajue kwanza kupiga magoti na kuwaamkia wakubwa, maana hapa Buganda aibu ya mtoto asiyesalimu ni ya ukoo mzima. Nawaelewa. Ila huwaambia salamu zitakuja baada ya zamu, na wanaokuja kumtazama wabaki uani.