Tamasha la kimataifa la filamu ni nini? Mfano wa Tromsø, kaskazini mwa Norway

Kwa maelezo mafupi, tamasha la kimataifa la filamu ni siku chache za kila mwaka ambapo filamu za nchi mbalimbali huteuliwa, hupangiwa ratiba na kuonyeshwa mbele ya hadhira, mara nyingi waliozitengeneza wakiwa ukumbini. Sinema ya kawaida ya mjini huonyesha kile ambacho msambazaji amekileta. Kwenye tamasha kuna watu waliokaa, wakatazama, wakachagua na wakaacha.

Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Hayaelezi, kwa mfano, kwa nini tamasha linalotajwa kuvuta watazamaji wengi kuliko yote nchini Norway halifanyiki Oslo, mji mkuu, bali Tromsø, mji wa watu wasiofika laki moja, ulio kama kilomita 350 kaskazini mwa Duara la Aktiki. Tena hufanyika katikati ya Januari, wakati watu wa huko hawajaliona jua kwa majuma kadhaa.

Tamasha la Tromsø lilianza 1991. Kwa kifupi huitwa TIFF, na hapo ndipo wengi hupotea, maana tamasha la Toronto kule Kanada nalo ni TIFF. Ukisoma kwamba nyota fulani wa Hollywood amepigwa picha kwenye zulia jekundu la TIFF mwezi Septemba, ujue ni Toronto. La Tromsø halina sifa hiyo wala halionekani kuitafuta.

Tuanze na giza, kwa sababu bila hilo tamasha hili halieleweki. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halipandi juu ya upeo wa macho. Kwa kuwa mji umezungukwa na milima, wenyeji hulisubiri mpaka kama tarehe 21 Januari ndipo walione, na siku hiyo hula maandazi ya mviringo yenye jemu ndani kulikaribisha. Si kwamba ni usiku wa manane saa zote. Adhuhuri hupita saa chache za mwanga wa buluu unaofanana na wa alfajiri, kisha kiza hurudi. Kufikia saa tisa alasiri taa za barabarani ndizo zinazoonyesha njia. Baridi yenyewe si ya kutisha kama ramani inavyodokeza. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huifanya bandari isigande, na wastani wa joto la Januari ni nyuzi chache tu chini ya sifuri.

Katika majira ya namna hiyo, ukumbi wenye joto na skrini inayowaka si anasa. Lakini waandaaji walikwenda mbali zaidi: waliligeuza giza kuwa chombo cha kazi. Kwenye uwanja wa Stortorget, katikati ya mji, husimamishwa skrini ya nje, na maonyesho yake hayana kiingilio. Waliowahi kwenda ZIFF, Zanzibar, wanajua raha ya kutazama filamu chini ya anga ndani ya Ngome Kongwe; pale ni lazima kungoja jua lizame. Tromsø jua lenyewe halijachomoza, kwa hiyo watoto waliotoka shule huweza kukuta filamu yao inaendelea alasiri, wao wakiwa ndani ya makoti mazito na theluji ikiwaangukia.

Januari ina faida nyingine ambayo mtazamaji haioni lakini mteuzi wa filamu anaijua vizuri. Matamasha ya dunia yana kalenda yake. Berlin ni Februari, Cannes ni Mei, Locarno ni Agosti, Venice, kongwe kuliko yote tangu 1932, huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Filamu mpya zenye matumaini makubwa hujiwekea akiba ya kuonekana kwa mara ya kwanza katika mojawapo ya hayo. Mteuzi wa tamasha la Januari huwa na mavuno ya mwaka mzima mbele yake: za Cannes zimekwisha kuzunguka, za Venice ndiyo kwanza zinapatikana, na nyingi bado hazijafika kwenye kumbi za kawaida za Norway.

Hapa ndipo neno "kimataifa" linapopata uzito wake. Watu hudhani maana yake ni wageni wengi kutoka ng'ambo. Wageni wapo, ila kazi kubwa ni uteuzi. Wateuzi hutazama mamia ya filamu: nyingine wamezifuata kwenye matamasha ya wenzao, nyingine zimetumwa na watengenezaji. Ikipatikana inayofaa, huandikiwa mwenye haki zake, ambaye aghalabu si mwongozaji bali kampuni ya mauzo, na mara nyingi tamasha hulipa ada ili iruhusiwe kuonyesha filamu hiyo mara kadhaa. Ndiyo, tamasha hulipa. Halafu kuna suala la maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwani filamu ya Kiajemi au Kigeorgia haina maana kwa mkazi wa Tromsø asiposaidiwa kuisoma, na kuna mafaili mazito ya kidijitali yanayopaswa kufika, kujaribiwa na kufunguliwa kwa msimbo unaofanya kazi saa maalumu tu.

Utasikia pia habari za "onyesho la kwanza". Kuna la kwanza duniani, la kwanza nje ya nchi ya filamu, la kwanza katika eneo fulani, na la kwanza katika nchi husika. Matamasha makubwa hung'ang'ania la duniani kwa wivu, na filamu iliyoonyeshwa mahali pengine hata mara moja huweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Sehemu kubwa ya filamu zinazofika Tromsø zimekwisha kuonekana kwingine. Kwa maoni yangu huo si upungufu. Mtu anayeishi kisiwa cha latitudo ya 69 hahitaji kuwa wa kwanza duniani kuiona filamu. Anahitaji ifike kwake.

Kuna sehemu moja ya programu, hata hivyo, ambayo Tromsø haiazimi kwa mtu: filamu za Kaskazini. Hizi ni filamu fupi na za kumbukumbu za watu wanaoishi sehemu za juu za dunia, kuanzia Norway, Sweden na Finland hadi nchi nyingine za ukanda wa Aktiki, wakiwemo Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia. Kwa miaka mingi eneo hilo lilionekana kwenye skrini kama mandhari ya watu wa kusini: milima, kulungu, wavuvi wasiosema. Kuwa na jukwaa la nyumbani kulibadilisha nani anashika kamera, na pia nani anakaa kwenye kiti kuhukumu kama picha ile ni ya kweli.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Knut Erik Jensen, mwongozaji aliyezaliwa Honningsvåg, karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya bara la Ulaya. Januari 2001 Tromsø ilionyesha filamu yake ya kumbukumbu Heftig og begeistret, kuhusu kwaya ya wanaume wa Berlevåg, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norway. Wazee wanaimba huku dhoruba ya theluji ikiwapiga usoni. Ukimweleza mfanyabiashara wa filamu wazo hilo, atakuaga kwa heshima. Lakini filamu ilitoka kaskazini ikashuka nchi nzima, ikauza tiketi zaidi ya nusu milioni katika taifa lililokuwa na watu milioni nne na nusu, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya filamu bora ya Amanda, tuzo za taifa za filamu nchini Norway. Tamasha halikuitengeneza filamu hiyo. Liliipa hadhira ya kwanza iliyokuwa inawafahamu wanaume wale, na minong'ono ya hadhira hiyo ndiyo iliyotangulia kusini.

Tuzo zipo. Kubwa ni Aurora, yenye jina la mianga ya rangi ya kaskazini inayocheza angani majira hayo, na hutolewa na jopo la majaji kwa filamu iliyo kwenye mashindano. Wahakiki wa shirikisho lao la kimataifa, FIPRESCI, hukaa na jopo lao wenyewe. Vilabu vya filamu navyo hutoa tuzo yao iitwayo Don Quijote, ipo ya filamu ya amani, na ipo inayopigiwa kura na watazamaji. Sitakaa sana hapo. Tuzo humsaidia mwongozaji kupata fedha za kazi inayofuata na humpa msambazaji neno la kuweka kwenye bango. Kwa mtazamaji wa kawaida, ile ya kura za hadhira ndiyo inayofaa zaidi kuifuata.

Swali lenye utamu zaidi kwangu ni lile la watazamaji. Katika miaka iliyotangulia UVIKO-19, mahudhurio ya tamasha moja la Tromsø yalishapita 50,000. Takwimu ya namna hii huhesabu viti vilivyokaliwa, si vichwa. Mtu mmoja aliyetazama filamu sita amehesabiwa mara sita. Hata ukipunguza kwa msingi huo, bado ni sehemu kubwa ya mji. Kwa nini wanakwenda?

Jibu mojawapo ni la zamani. Sheria ya mwaka 1913 ilizipa manispaa za Norway mamlaka ya kutoa au kunyima vibali vya kuonyesha filamu, na manispaa nyingi, badala ya kuwapa wafanyabiashara, zikaendesha sinema zenyewe. Kwa miongo mingi sinema ikawa huduma ya umma kama maktaba, faida yake ikirudi kwenye shughuli za mji. Baadaye manispaa kadhaa ziliuza kumbi zao, Oslo ikiwemo, lakini mazoea ya kuona sinema kama mali ya wote hayakufutika. Tromsø unaweza kuyagusa: ukumbi wa Verdensteatret, uliofunguliwa 1916, bado unaonyesha filamu, kuta zake zikiwa na michoro ya ngano za Kinorwe aliyoichora Sverre Mack mwaka 1921. Ni miongoni mwa kumbi kongwe za sinema nchini zinazofanya kazi hadi leo. Na paa lililopinda la sinema ya zamani ya Fokus sasa limefunika maktaba ya mji, jambo ambalo sidhani lingetokea mahali ambapo sinema ni biashara tu.

Kumbi ziko karibukaribu, mwendo wa miguu. Mwongozaji mgeni akitoka kwenye onyesho lake hukutana na watazamaji walewale kwenye foleni ya mkahawa. Linganisha na Cannes, ambako kuingia ni kwa kitambulisho maalumu cha watu wa tasnia na raia wa mji hubaki wakichungulia zulia. Yote mawili huitwa matamasha ya kimataifa ya filamu, na yote yanastahili jina hilo, lakini moja ni soko na jukwaa la tasnia, jingine ni la watu wa mahali.

Norway yenyewe ina aina zaidi ya moja. Haugesund, mji wa pwani ya magharibi, huwa na tamasha mwezi Agosti, na ndiko tuzo za Amanda zilikoanza 1985. Huko ndiko wenye kumbi na wasambazaji hukutana kupanga msimu. Bergen hufanya la vuli tangu 2000 na hujivunia wingi wa filamu. Oslo ina Film fra Sør, linalojishughulisha na filamu za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, na ambalo pamoja na taasisi ya filamu ya taifa lilizaa mfuko uitwao Sørfond. Mfuko huo huchangia filamu za nchi zinazoendelea kwa sharti kwamba kuwe na mtayarishaji mwenza wa Norway. Filamu ya Kenya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, iliyofika Cannes mwaka 2018 na kupigwa marufuku nyumbani mwaka huohuo, ilipata mchango wake. Kwa hiyo tamasha la mji wa mbali laweza kuwa mlango wa fedha, si wa makofi tu.

Hili linawahusu moja kwa moja watengenezaji wetu, kwa sababu siku hizi jina la "tamasha la kimataifa la filamu" linauzwa mtandaoni. Yapo yanayopokea ada ya kutuma filamu kila mwezi, yanagawa vyeti na ile alama ya kuteuliwa yenye majani mawili yaliyopinda, ya kubandika kwenye bango, lakini hayana ukumbi, hayana ratiba, wala hakuna binadamu aliyekaa gizani akatazama. Kabla ya kulipa, tafuta programu ya mwaka uliopita yenye saa na majina ya kumbi. Tafuta majina ya majaji na uone kama ni watu wanaofahamika kwa kazi zao. Uliza kama filamu itaonyeshwa mara ngapi na nani atalipa maandishi ya tafsiri. Tamasha la kweli, hata liwe dogo, hujibu maswali hayo bila kuona haya, maana ndiyo kazi yenyewe linayoifanya mwaka mzima.